Faili Libaki kwa Sista

Kila kundi jipya la wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu likifika wodini kwangu, kazi yangu ya kwanza ni kuwanyang'anya mafaili. Wanakuja asubuhi na makoti meupe yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, stetoskopu mpya shingoni, kitabu kidogo mfukoni, na kabla hata hawajamsabahi mgonjwa mkono umeshafika kwenye faili. Humo mna kila kitu. Intani ameandika, daktari rejista ameandika, majibu ya damu yamo, ripoti ya ultrasaundi imebanwa kwa pini. Mwanafunzi akishaisoma ile ripoti, mtihani umevuja. Atakwenda kwa mgonjwa kutafuta kile alichoambiwa kipo, na atakipata, hata kama kidole chake hakijakigusa.

Kwa hiyo faili linabaki mezani kwa sista. Wao wanabaki na mgonjwa, macho yao, mikono yao, na saa yenye mshale wa sekunde.

Malalamiko ya wiki ya kwanza nimeshayazoea. "Dokta, bila historia tutajuaje?" Historia mtaichukua wenyewe, mdomo mnao na mgonjwa anaongea. "Dokta, muda hautoshi." Mgonjwa mmoja kwa asubuhi nzima unatosha. "Dokta, wenzetu wa wodi ile nyingine wanaruhusiwa kusoma." Hongera zao.

Sina ugomvi na karatasi. Ninachokitaka ni kimoja tu: mwanafunzi aseme alichokikuta yeye, kabla hajalijua jibu. Akisema amekuta, anionyeshe. Akisema hajakuta, aseme hivyo hivyo, kwa sauti ileile, bila kuomba radhi. Hili la pili ndilo linalowashinda. Vijana hawa wamefika hapa kwa kufaulu. Tangu shule ya msingi hakuna aliyewahi kupewa maksi kwa kusema "sijaona kitu". Kusimama mbele ya wenzake watano na kutamka kwamba mkono wake umerudi mtupu, kwake ni sawa na kusema amefeli.

Nina mchezo wangu mmoja, na ninauandika hapa nikijua wanafunzi wanasoma. Watakaokuja mwakani nitawatafutia mwingine. Namchagua mgonjwa ambaye moyo wake hauna shida yoyote, mara nyingi kijana aliyelazwa kwa malaria kali na sasa anasubiri kuruhusiwa. Naongea naye kando kwanza. Akikataa, basi, lakini wengi wanaupenda mchezo kuliko mimi. Kisha mbele ya kundi naweka stetoskopu kifuani pake, nakunja uso, nafumba macho, nahamisha kidogo, nasikiliza tena. Nasimama bila kusema neno. "Haya, mmoja mmoja." Wa kwanza anasema, kwa mashaka, kwamba pengine kuna mvumo, ile sauti ya ziada ya moyo wenye hitilafu. Wa pili anausikia. Wa tatu anasema ni wa sistoli, yaani moyo unapobana. Ukifika kwa wa tano, mvumo umeshapata daraja, umeshapata vali, na unaelekea kwapani. Mgonjwa anauma shuka asicheke.

Mara mojamoja anatokea mmoja, kwa kawaida yule asiyeongea sana, anasema: "Mimi sijasikia kitu, Dokta." Namwuliza tena kwa ukali kidogo, nione kama atageuka. Asipogeuka, chai na chapati za kantini siku hiyo ni juu yangu, kundi zima, na wote wanajua ni kwa sababu ya nani.

Tabia hii haianzi na wanafunzi, nisiwaonee. Fungua chati za wodi yoyote uone safu ya kupumua. Mzee aliyelala fofofo: 20. Mama anayehema huku ameshika ukingo wa kitanda: 20. Kijana anayecheza karata: 20. Hakuna aliyehesabu, mtu amepita, ametazama, ameandika. Na hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote hospitalini. Kwa watoto ndipo uzembe huu unapouma zaidi, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasimama juu ya hesabu hiyo: mtoto wa miezi 2 hadi 12 mwenye kikohozi, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka, wa mwaka 1 hadi 5, mstari uko kwenye 40. Mtoto wa miezi minane mwenye 46 na mwenye 54 ukiwatazama kwa mbali wako sawasawa. Mmoja atapewa dawa ya nimonia, mwingine atarudi nyumbani na ushauri.

Kwa hiyo nawapa watu wawili mgonjwa mmoja. Wanasimama pande mbili za kitanda, kila mmoja na saa yake, dakika nzima, hakuna kuhesabu nusu na kuzidisha mara mbili. Wanaandika viganjani na kufumba. Kisha wanafumbua kwa pamoja. Ikiwa mmoja ana 34 na mwingine ana 46, hakuna haja ya hotuba yangu. Wanarudi wenyewe.

Sasa tumbo. Hapa Kanda ya Ziwa huwezi kufundisha tumbo bila bandama. Malaria ya kujirudiarudia inaivimbisha, selimundu kwa watoto wadogo, saratani za damu, na juu ya zote, kichocho cha tumbo. Mtu anazaliwa kando ya ziwa, anaoga humo, anavua humo, anachota maji humo. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake yanasombwa na damu mpaka ini na kukwama huko, na mwili unajenga kovu kuyazunguka. Baada ya miaka mingi ile damu iliyotakiwa kupita kwenye ini haina njia. Inarudi nyuma. Bandama inajaa, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mvuvi mwenye nguvu zake anatapika damu beseni zima ndani ya mtumbwi.

Mmoja wa hao alikuwa babu wa kisiwani, ambaye nimembadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alikuwa ameshatulia, damu imekatika, anakaribia kutoka. Nikampeleka binti mmoja wa kundi lile, mtoto wa Tanga, mwenye adabu za pwani mpaka zimepitiliza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na sindano?"

"Hapana babu. Naomba nikupime tumbo, kama hutajali."

"Pima. Wameshapima wengi."

Alifanya vizuri mambo ambayo wengi huyaruka. Alisimama upande wa kulia, akavuta kigoda akakaa, ili mkono ulale sawa na tumbo usitoke juu. Alisugua viganja vikapata moto. Alimwuliza wapi panauma, akaahidi kupaacha mwisho. Alimfunika shuka mpaka kwenye nyonga, akamwomba akunje magoti. Kisha akatazama bila kugusa, na hapo nilimwona akisita. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na chale, mistari midogo meusi iliyopangwa safu mbili, ya zamani.

Nikamwuliza anaona nini. "Chale, Dokta." Zinakwambia nini? Akanyamaza. Zinakwambia kwamba miaka mingi nyuma, kabla ya ultrasaundi, kabla yangu na kabla ya kuzaliwa kwako, kuna mtu aliweka mkono hapo, akakuta kitu, akajaribu kukitibu kwa ujuzi alionao. Kwa hiyo unajua ugonjwa umeanza lini kwa kukadiria, na unajua upande. Katika mikoa hii chale za upande wa kushoto juu ni dalili ninayoifundisha pamoja na zile za vitabuni, ingawa kitabu chenye sura ya chale bado sijakiona.

Kisha akaweka mkono, na akauweka palepale wanapouweka wote: chini kabisa ya mbavu za kushoto. Akabonyeza. Hakuna. Akabonyeza zaidi, babu akakunja uso. Binti akaniangalia, akasema tumbo ni gumu upande huo lakini bandama hajaipata. Wa pili akajaribu, naye vilevile.

Walikuwa wameikalia. Bandama ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba mikono yao ilikuwa imelala katikati yake, na katikati hakuna ukingo wa kugusa; kote ni kugumu tu. Bandama ikivimba haikui kwenda chini moja kwa moja. Inashuka kwa mshazari, kutoka mbavu za kushoto kuelekea nyonga ya kulia. Ndiyo maana unaanzia kulia chini, karibu na mfupa wa nyonga, mbali kabisa na pale unapodhani iko. Unaweka mkono umelala, vidole vikielekea kwapa la kushoto, halafu unatulia. Mkono hauchimbi. Unamwomba mgonjwa avute pumzi kwa mdomo, polepole. Pumzi ikiingia inasukuma bandama chini, nayo ndiyo inayokuja kukugusa. Akitoa pumzi, unasogea upana wa kidole kimoja tu. Unasubiri tena. Na macho yako hayaangalii mkono, yanaangalia uso wa mgonjwa, kwa sababu maumivu yanafika usoni kabla hayajafika mdomoni.

"Vuta pumzi babu. Toa. Vuta tena."

Karibu na kitovu mkono wa binti ukasimama. Hakusema kitu. Akamwomba babu avute tena, na tena, halafu akaanza kufuata ukingo kwa ncha za vidole, polepole, mpaka akafika kwenye lile pengo ambalo bandama huwa nalo upande wa ndani. Figo haina pengo hilo. Akajaribu kupitisha vidole kati ya uvimbe na mbavu, havikupita. Akagonga juu yake, sauti butu. Kwa figo, utumbo ungekuwa mbele yake na sauti ingevuma. Alikuwa anajibu maswali yangu kabla sijayauliza. Tukapima kwa futikamba, sentimita 14 kutoka ukingo wa mbavu.

Kuanzia hapo babu akageuka mwalimu. Mwanafunzi aliyefuata aliporuka hatua, akasogea vidole vitatu kwa mkupuo mmoja, babu akamwambia: "Rudi. Mwenzako hakupita hivyo." Nikamwachia darasa kwa muda.

Huwa nawaambia vijana wasidharau mkono kwa kuwa hauna skrini. Palikuwa na wakati nchi hizi zilipimwa malaria kwa viganja. Timu inaingia kijijini, watoto wa miaka 2 hadi 9 wanapanga mstari, kila mmoja anapapaswa bandama, na ukubwa wake unaandikwa kwa daraja za Hackett kuanzia 0 mpaka 5, bandama isiyoguswa kabisa mpaka ile iliyoshuka karibu na kinena. Mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950 uliyatumia maneno yaleyale ambayo bado yako kwenye mihadhara yetu: mahali ambapo watoto wenye bandama iliyovimba ni hadi asilimia 10, ugonjwa ni wa chini, ikizidi asilimia 75 kwa wadogo, umejaa mwaka mzima. Ramani hizo zilichorwa na watu waliopiga magoti mbele ya watoto.

Na kwa kuwa tuko ziwa moja na Jinja ya Uganda, sikosi kuwasimulia habari za Denis Burkitt. Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya, pande zote mbili, juu na chini. Hakujua ni nini. Baadaye alikuwa Jinja, akamwona kwa dirishani mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Akatoka kumfuata, na baada ya kutazama taya akaweka mkono tumboni. Humo mlikuwa na uvimbe pia. Hapo ndipo alipoanza kufuatilia kumbukumbu za watoto wengine, na mwaka 1958 akachapisha habari za saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Daktari wa taya angeishia kwenye taya. Kila mwanafunzi anayeniandikia "mgonjwa ana uvimbe shingoni" bila kugusa makwapa, kinena na tumbo, anasikia habari za Jinja upya. Wameshaichoka.

Kuna jambo la rangi ambalo lazima niliseme. Vitabu vingi tunavyotumia vimeandikwa Ulaya na Marekani, na picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Mwanafunzi anakariri kwamba ngozi yenye maambukizi inakuwa nyekundu, kisha anakuja hapa, anatazama mguu wa mama wa Kisukuma, anaandika "hakuna wekundu". Ni kweli hakuna. Lakini mguu umeng'aa, mikunjo ya ngozi imepotea, na ukiweka mgongo wa kiganja juu yake halafu ukauweka kwenye mguu wa pili, joto linakwambia lililobaki. Upungufu wa damu tunautafuta ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na viganjani. Rangi ya bluu ya kukosa oksijeni usiitafute kwenye kucha na midomo ukaridhika; mwambie atoe ulimi. Na manjano yana mtego wake: watu wetu wengi wana rangi ya kahawia kwenye pembe za weupe wa jicho, kutokana na jua na umri, na hawaumwi ini. Mwambie mgonjwa atazame chini, inua kope la juu, tazama pale palipojificha kila siku. Tena mchana, dirishani. Wodi yetu ilipata mapazia ya njano kwa hisani ya wafadhili, Mungu awabariki, na tangu siku hiyo kila aliyelazwa upande wa mashariki ana manjano mpaka nifungue pazia.

Kugonga kifua ndiko wanakokuogopa zaidi, sijui kwa nini. Wengi wanagonga kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinatakiwa kikae kati ya mbavu na mbavu, kimebanwa kifuani, vingine vimeinuliwa. Kidole cha kati cha kulia kinapiga juu ya kiungo chake cha mwisho na kuondoka mara moja. Kinachocheza ni kifundo cha mkono, si kiwiko. Na kucha zikatwe. Nimeshaona kidole cha mwanafunzi kikitoka damu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, ukishuka, kwa sababu kifua cha mtu kinalinganishwa na chenyewe.

Aliyetuandikia njia hii ni Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, katika kijitabu alichokitoa Vienna mwaka 1761. Inasimuliwa kwamba aliiona kwanza kwa baba yake, aliyekuwa akigonga mapipa kujua mvinyo umebaki kiasi gani. Hawakumjali sana mpaka Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kijitabu kwa Kifaransa mwaka 1808. Mapipa ya mvinyo hatuna, lakini nyuma ya wodi kuna simtanki. Nawapeleka huko. Kila mmoja anagonga kuanzia juu, anasikiliza, na mahali sauti inapobadilika anachora mstari wa chaki na herufi ya jina lake. Mhudumu anapanda ngazi, anafungua mfuniko, anatuambia maji yako wapi. Mara nyingi chaki zinatofautiana kwa kiganja kizima, na kuna wakati tanki lilikuwa tupu kabisa lakini watu wanne walikuwa wameshachora mstari.

Kutoka hapo tunarudi ndani kwa mgonjwa mwenye maji kwenye kifua, na kwetu huku, kijana mwenye maji upande mmoja na homa za jioni, kifua kikuu ndicho cha kwanza kukifikiria. Sauti inavuma mpaka chini ya bega, kisha inakufa kabisa. Wanachora kwa kalamu. Wanamwomba aseme "arobaini na nne" huku wamelaza kiganja mgongoni. Juu ya mstari sauti inatetemesha mkono, chini yake hakuna kitu.

Mgonjwa si tanki, hata hivyo, na hapa mimi ni mkali kuliko kwenye mambo mengine yote. Mikono mitatu kwa siku kwa mgonjwa mmoja, basi. Mwenye maumivu, mkono mmoja. Anayesema "nimechoka" ameachwa, na hakuna kumbembeleza kwa kumwambia kwamba ni kwa faida ya elimu. Wagonjwa wetu wana adabu inayoweza kuwaumiza: wanadhani wakikataa watacheleweshewa dawa, kwa hiyo wanakubali kila kitu huku wameangalia ukuta. Mwanafunzi ajifunze kuusoma ukuta huo. Mwanamke akipimwa, muuguzi wa kike awepo, skrini ivutwe yote, na kanga ishuke kwa kiasi cha kazi tu, irudi juu kazi ikiisha. Wavulana wanaogopa kuomba kusikiliza moyo wa mama chini ya titi, kwa hiyo wanasikiliza juu ya kanga na sidiria na kuniletea taarifa kamili ya vitambaa. Nawafundisha sentensi nzima ya kuomba, na wanairudia mbele yangu mpaka itoke bila kigugumizi: "Mama, naomba nisikilize moyo, nitainua titi kidogo kwa mgongo wa mkono wangu, ukisema niache nitaacha."

Na wakimaliza, wamwambie mgonjwa walichokuta. Asibaki anasikia "splini" na "liva" zikirushwa juu ya kichwa chake.

Mitihani yetu ya vitendo ni ile ya vituo, kengele ikilia unahama. Aliyeianzisha ni Ronald Harden wa Dundee, kwenye makala ya mwaka 1975, na ni ya haki kuliko ile ya zamani tuliyokuwa tukipewa mgonjwa mmoja, profesa mmoja, na bahati yako. Lakini karatasi ya maksi inahesabu hatua: amenawa, amejitambulisha, amesimama kulia, amepapasa. Mtu anaweza kupita hatua zote kwa madaha, akakusanya maksi, na mkono wake usijue ulichokigusa. Nilishapendekeza kiongezwe kituo kimoja chenye mgonjwa ambaye hana kitu. Pendekezo liko kwenye kamati.

Kuna wenzangu wanaoniambia napoteza muda, kwamba miaka michache ijayo kila intani atakuwa na ultrasaundi ya mfukoni. Na iwe. Mimi sijidanganyi kuhusu mkono. Watafiti walipowapima watoto wa shule Msumbiji na Kambodia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, stetoskopu iliyothibitishwa baadaye kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, iligundua ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi kwa watoto wapatao 2 hivi katika kila 1,000. Eko yenyewe ilipowapitia wote, Msumbiji peke yake ikakuta 30.4 katika kila 1,000. Maji kidogo ya tumboni mkono hauyajui. Yanatakiwa yajae zaidi ya lita moja kabla hatujayahisi. Bandama iliyovimba kidogo tu inaweza kujificha chini ya mbavu na usiipate hata ukifuata kila hatua niliyoiandika hapo juu. Lakini zipo pia zahanati ambako wahitimu hawa watapelekwa, za visiwani, zisizo na mashine wala mtu wa kuisoma, na zipo siku ambazo ripoti iliyochapwa vizuri imesema bandama ya kawaida kwa mgonjwa ambaye watatu wetu tumeishika. Tuliomba kipimo kirudiwe, kikarudiwa.

Ndiyo maana tuna kaunta buku lenye safu mbili. Ya kwanza inajazwa kitandani: nimekuta nini, sentimita ngapi, au "sikuipata". Ya pili inajazwa tukishafungua ripoti. Hakuna maksi humo. Kuna majina, ili mtu ajione anavyobadilika kati ya wiki ya kwanza na ya nane. Na mashine ikipatikana wodini tunaileta kitandani, mgonjwa akiwa bado amelala vilevile: mwanafunzi anachora ukingo wa ini au mstari wa maji kwa kalamu juu ya ngozi, kisha kifaa kinapita juu ya alama yake huku anatazama skrini.

Juzi kijana mmoja alichora mstari wake wa maji ya kifuani, mashine ikaonyesha amekosea kwa vidole viwili, juu sana. Akatazama skrini, akatazama kalamu, akagonga tena palepale taratibu, akasema sasa anaisikia. Akauliza kama anaweza kujaribu kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye tatizo kama hilo. Nikamwambia amwulize mwenye kitanda, asiniulize mimi, na kama akikubaliwa asinisubiri, kwa sababu saa nane ilikuwa imepita na mimi nilikuwa sijala.